Ya Moto au ya Baridi

Ukishataja jina la bia yako katika baa ya Tukuyu, mhudumu hubaki amesimama, kwani oda haijakamilika. Ya moto au ya baridi? Mgeni aliyeshuka basi kutoka Dar es Salaam hudhani anataniwa. Kwake bia ya moto ni matokeo ya umeme kukatika, jambo la kuombewa radhi. Lakini keti chini ya bati mwezi wa Juni, ukungu umeteremka kutoka Mlima Rungwe ukajaa migombani, watu wamevaa makoti na mikono iko mifukoni, jiko la choma ndilo kitu pekee chenye joto uani. Utasikia meza baada ya meza ikijibu bila kusita: ya moto. Chupa zinatolewa kwenye kreti nyuma ya kaunta, friji hazijawahi kuiona.

Ushauri wa kuchagua bia ya kunywa na nyama choma umeandikwa kwa wingi, hasa na Wamarekani, na karibu wote huanzia kwenye nyama. Nyama ya moshi ipewe bia nyeusi, yenye mafuta ipewe bia chungu, yenye pilipili ipewe bia yenye utamu kidogo. Ni ushauri wa watu wenye aina mia za bia dukani na jiko nyuma ya nyumba. Hauna kosa, ila haujawahi kunyeshewa Tukuyu. Huku bia inabidi ipatane kwanza na hali ya hewa, kisha na moto wa mkaa, kisha na watu waliozunguka meza. Nyama, pamoja na heshima zake zote, inashika nafasi ya nne.

Hali ya hewa yenyewe ina sababu zake. Mji wa Tukuyu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwenye miteremko ya mlima unaokaribia mita 3,000, na kusini yake kuna Ziwa Nyasa. Hewa yenye unyevu inapanda kutoka ziwani, inagonga mlima, inamwaga maji. Kuna maeneo ya Rungwe yanayopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ndiyo maana wilaya imejaa chai, migomba, parachichi na ng'ombe wa maziwa. Shuka sasa barabara ya kwenda Kyela. Pale mpungani, karibu na ziwa, uko chini ya mwinuko wa Tukuyu kwa takriban mita elfu moja, na kila mita elfu unazoshuka hewa huongezeka joto kwa nyuzi kama sita. Kreti mbili zilizopakiwa lori moja kutoka kiwanda cha bia cha Mbeya, moja ikiachwa Tukuyu na nyingine ikifika Kyela, hazinyweki namna moja. Kyela ukimpelekea mtu bia ya moto umemtafutia ugomvi. Tukuyu ukimletea ya baridi bila kumuuliza, atakuangalia kama mtu asiyejua kuishi na watu.

Na hapa niseme wazi upande niliko: kwa nyama choma ya huko juu, wenyeji wako sahihi, na si kwa sababu ya kuogopa mafua tu.

Baridi huuziba ulimi. Bia ikitoka kwenye barafu, utamu wa kimea unajificha, kinachobaki ni gesi na uchungu mwembamba, na koo linafurahi. Kuna bia zilizotengenezwa kwa ajili ya furaha hiyo. Castle Lite, yenye kilevi cha asilimia 4, inajitangaza kwa ubaridi wake, na ukiinywa ya moto unaelewa kwa nini: ndani hamkuwa na mengi ya kuficha. Kilimanjaro, asilimia 4.5, inavumilia kidogo. Safari, yenye asilimia 5.5, ndiyo inayobadilika kweli. Ya baridi ni bia kali tu. Ya moto inatoa utamu wa nafaka, harufu inayokaribia mkate uliookwa, na ukali wake unashuka taratibu kifuani, mahali ambapo mtu wa Tukuyu anauhitaji. Serengeti, ambayo watengenezaji wake hujivunia kuwa ni kimea kitupu, nayo haina cha kuogopa nje ya friji. Guinness na Castle Milk Stout sizihesabu hata kidogo katika mjadala huu. Kuzigandisha ni kuzionea.

Tena neno moto lisimtishe mtu. Chupa iliyolala sakafuni Tukuyu mwezi wa Juni ina joto la nyuzi kama 15 hivi. Waingereza hutoa bia zao za jadi kwenye nyuzi 12 au 13, moja kwa moja kutoka kwenye vyumba vya chini ya ardhi, na hakuna anayewaambia hawana friji. Tofauti iliyopo ni ya kumimina. Gesi haitulii ndani ya kimiminika chenye uvuguvugu kama inavyotulia kwenye baridi, kwa hiyo bia ya moto inatoa povu jingi. Glasi iinamishwe, mkono uwe mpole, na kama kreti imefika sasa hivi mgongoni mwa bodaboda kwa njia ya mawe, waachie muda wapumue wote wawili, chupa na dereva.

Tuje kwenye moto wa mkaa. Jiko ni lile lile la kila mahali, pipa lililopasuliwa kwa urefu na wavu wa nondo juu yake, lakini mchoma nyama wa Tukuyu ana adui ambaye mwenzake wa Dodoma hamjui. Mkaa unalowa. Hata ukiwa ghalani unavuta unyevu wa hewa, na mkaa wenye unyevu unawaka kwa kulalamika, unarusha cheche, unatoa moshi mzito unaoipa nyama uchungu. Fundi mzuri huuanika pembeni ya jiko kabla hajautia, naye hapeleki nyama mpaka moshi umekwisha na makaa yamevaa majivu. Jirani tu, upande wa Kiwira, ardhi ina makaa ya mawe ya kuendeshea mitambo, na hakuna aliyewahi kuyaweka chini ya mbavu za mbuzi. Harufu yake ingefukuza wateja hadi Uyole. Kwa hiyo watu wanangoja mkaa wa mti, na kungoja huko ndiko kunakoamua bia.

Mbavu za mbuzi zikichomwa na mtu asiye na haraka zinachukua saa nzima, mara nyingine zaidi. Ng'ombe ni habari nyingine. Wilaya hii inafuga kwa ajili ya maziwa, na nyama inayofika buchani mara nyingi ni ya ng'ombe aliyekwisha kustaafu kukamuliwa. Ukitaka kumchoma bila kumchemsha kwanza, jiandae kubishana naye usiku kucha. Sasa mteja ameingia saa kumi na moja jioni, tumbo halina kitu tangu chai ya saa nne, ameagiza kilo ya mbuzi na Safari. Nyama inapotua mezani saa kumi na mbili na nusu, chupa tatu zimeshaanguka, na ulimi wake hauwezi tena kutofautisha paja na mfupa. Anakula kwa sababu ameshalipia.

Ndiyo maana naona bia ya kusubiria na bia ya kulia ni bia mbili. Ya kusubiria iwe nyepesi na iwe moja: Kilimanjaro, au Serengeti Lite kwa asiyeona aibu kuonekana nayo. Inywewe karibu na jiko, kwa sababu jiko ndilo linalokupa joto, na ukisimama pale unapata pia ile haki ya kale ya kuonjeshwa kipande cha pembeni. Sinia likija, ndipo ubadilishe. Wapo watakaopinga hapa kwa hoja inayojulikana kila baa ya Tanzania, kwamba ukichanganya bia utaamka na kichwa. Kichwa cha asubuhi kinaletwa na wingi wa kilevi na uchache wa maji. Lebo ya chupa haikifikii kichwa. Ila nimeshaacha kubishana na watu juu ya hili. Mwenye bia yake moja ya maisha ni kama mwenye timu yake ya mpira, humwongoi.

Kitimoto kinastahili aya yake. Majina yake mengine, mbuzi katoliki na mdudu, yanaonyesha jinsi Watanzania wanavyoipenda nyama hii huku wakiitania. Nyanda za Juu Kusini zinafuga nguruwe kwa wingi na kuwala kwa wingi, na Tukuyu mdudu hakatwi kwa kunong'ona. Anaposafiri vibaya, habari zinaenea: homa ya nguruwe iliyolipuka Kyela mwishoni mwa mwaka 2010 ilifika hadi Dar es Salaam mwaka uliofuata, na ugonjwa huo hauna tiba. Binadamu hauwadhuru, ila unafagia mabanda. Kinachomdhuru binadamu ni tegu. Nguruwe anayezurura na kula uchafu hubeba malengelenge ya tegu ndani ya nyama, anayeila haijaiva hupata tegu tumboni, na mayai ya tegu huyo yakimezwa, viluwiluwi vyake huweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Kwa hiyo kitimoto kiive mpaka ndani, na mteja anayemharakisha mchomaji amuonee huruma mchomaji na ajihurumie mwenyewe. Hapo tena tunarudi kwenye kungoja.

Na ni kitimoto kilichonishawishi zaidi juu ya bia ya moto. Mafuta ya nguruwe huganda mapema. Katika ubaridi wa Tukuyu sinia likiachwa dakika chache kuna utando mweupe pembeni, na kinachotokea siniani kinatokea kinywani pia: ukimeza tonge la mafuta kisha ukashushia bia iliyotoka kwenye barafu, mafuta yanashika kwenye kaakaa na midomo inateleza. Bia isiyo na ubaridi haiyagandishi kwa kasi hiyo. Gesi inayasugua, uchungu wa hopsi unayakata, ndimu na pilipili zinamalizia. Wenyeji pia wanaagiza nusu kilo, wanaimaliza ingali ikitoa mvuke, kisha wanaagiza nusu nyingine. Mgeni huagiza kilo mbili kwa mkupuo ili aonekane, halafu anakula baridi kuanzia katikati. Ndizi za kuchoma zinasaidia, kwa kuwa zinakaa na moto ndani kuliko ugali, na kachumbari iwe ya siki au ndimu nyingi.

Kabla ya chupa, swali la mhudumu lisingekuwa na maana, kwa sababu pombe yenyewe ilikuwa ya moto kwa asili yake. Kimpumu, pombe ya ulezi ambayo bado inapatikana vilabuni mkoa wa Mbeya, hunywewa kwa mrija ikiongezewa maji ya moto. Ulezi unaoteshwa, unaanikwa, unasagwa, unachachushwa. Machicha yanabaki chomboni na maji yanapita katikati yake yakichukua kilevi, uchachu na joto. Ulezi ni mmea wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, ulianza kulimwa huku na kuvuka bahari hadi India maelfu ya miaka iliyopita. Ukaendelea kupanda mpaka Himalaya. Leo hii, mashariki mwa Nepali na Sikkim, watu wa milimani hunywa tongba: ulezi uliochachuka ndani ya chombo cha mbao, maji ya moto juu, mrija wa mwanzi. Hakuna aliyebeba mapishi kutoka Rungwe kwenda kule. Ubaridi wa mlima na nafaka ile ile vilitosha kuwafikisha watu wawili wasiojuana mahali pamoja, na sijaona ushahidi mzuri zaidi wa kuwatetea wateja wa kreti za nyuma ya kaunta.

Kimpumu pia kilimwondolea mtu kazi ya kuchagua. Pombe ilikuwa ya siku ile, ya mpishi yule, na mnywaji alichochagua ni nani wa kukaa naye. Hilo la kuchagua wa kukaa naye Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, walilichukulia kwa uzito usio wa kawaida. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia walioishi Unyakyusa katika miaka ya 1930, walikuta vijiji vya marika: wavulana wa umri mmoja walihama kwa baba zao na kujenga kijiji chao, wakala pamoja na kuzeeka pamoja. Kitabu alichokitoa Monica mwaka 1951 juu ya vijiji hivyo alikiita Good Company, kwa sababu kila aliyemuuliza kuhusu maisha mema alimrudisha kwenye kula na kunywa na wenzake. Na upande wa pili wa jambo hilo aliuandika pia. Wachawi, kwa imani ya wakati ule, walibeba chatu tumboni, na chatu hao walichokitamani ni nyama na maziwa ya watu wengine. Mtu aliyechinja na kujifungia ndani alikuwa anajitafutia balaa. Sina haja ya kuamini chatu ili nione kwamba imani hiyo iliujua moshi wa nyama vizuri: unavuka ua, unaingia kwa jirani bila hodi, na kuanzia hapo jirani ameshahusika.

Chupa ilikuja na utaratibu mwingine. Wajerumani waliujenga mji huu wakauita Neu Langenburg, na sijui kabila lililopenda bia kuliko hilo, lakini bia ya kizungu kwa muda mrefu ilikuwa ya kizungu kweli. Kiwanda cha Dar es Salaam kilichozaa Tanzania Breweries kilianza mwaka 1933. Baada ya uhuru serikali ikaingia ndani yake, na kufikia miaka ya 1980, uchumi ulipokaza, bia ikawa kitu cha kufahamiana na mwenye kaunta. Wazee waliokuwa vijana wakati huo hucheka wakisikia mjadala wa bia ipi inafaa nyama ipi. Walikunywa iliyopatikana, ya moto kwa sababu haikukaa dukani muda wa kupoa. Uchaguzi tunaojivunia leo ni wa juzi: mwaka 1993 Waafrika Kusini walinunua nusu ya kiwanda, Serengeti wakaja kushindana, mwaka 2010 wenye Tusker wakanunua hisa nyingi za Serengeti, mwaka 2016 wenye Budweiser wakawameza Waafrika Kusini. Makampuni mawili makubwa ya dunia sasa yanagombea meza ya plastiki ya Tukuyu kwa kuipaka rangi na kuipa mwavuli. Wakati fulani vijana waliziruka chupa zote hizo wakasubiria nyama kwa viroba, vile vifuko vya pombe kali, mpaka serikali ilipovipiga marufuku Machi 1, 2017. Katika yote yaliyowahi kusubiriwa nayo nyama choma, hivyo ndivyo vibaya zaidi, na sijasikia mchoma nyama anayevikumbuka.

Lazima niwakumbuke pia wasiokunywa. Wamisionari wa Kimoravian waliingia Rungwe mwaka 1891, na kuna nyumba nyingi wilayani ambazo bia haivuki kizingiti tangu wakati wa mababu. Watu wa nyumba hizo kitimoto wanakula bila wasiwasi. Wanakaa meza moja na walevi, mbele yao Stoney Tangawizi, na hapa nitasema jambo litakaloniharibia jina: ile tangawizi kali, pamoja na gesi yake, inayakata mafuta ya nguruwe kuliko lager yoyote niliyoitaja. Muislamu wa mjini naye anajua ni jiko gani linachoma mbuzi peke yake na wavu gani haujawahi kuguswa na mdudu, na mchomaji mwenye adabu hamlazimishi kuuliza mara mbili.

Ugumu wa chupa uko kwenye raundi. Mmoja amepata hela ya parachichi au ya chai, anasimama, anaitwa malafyale kwa utani, cheo cha machifu wa zamani, na anazungusha meza nzima. Hataki kusikia kwamba bado una nusu chupa. Mnywaji wa polepole anajikuta na foleni mbele yake, chupa tatu zimefunguliwa au zinangoja kufunguliwa, nyama bado iko jikoni. Dar es Salaam foleni hiyo ni hasara, kila dakika inaua ubaridi uliolipiwa, kwa hiyo mtu anakimbizana na chupa zake. Tukuyu aliyeagiza ya moto hana cha kukimbilia. Chupa yake ya tatu itakuwa vile vile saa moja ijayo, anaweza kuongea, kwenda kuangalia mkaa, kumsogezea mwingine. Anaweza hata kumpa aliyechelewa, akaingia amelowa mvua, akaambiwa achukue hii hapa huku nusu kilo nyingine ikikatwa. Naye, kama ni mtu wa Kyela, ataomba abadilishiwe na ya baridi.